Picha ya Kavugho

Jumatatu, tarehe 13

Redio saa kumi na mbili. Chai ya rangi. Mukate wa jana, mugumu. Habari ni zile zile: mapigano upande wa Sake, mawaziri wamekutana mahali penye zulia jekundu, wamepiga picha, wamerudi kwao. Nimeona kwamba vita vikikaribia, zulia linaongezeka urefu. Musemaji amesema hali inadhibitiwa. Alisema kwa sauti ya mutu aliyekwisha kufunga mizigo.

Simu nayo ina mambo yake. Binti yangu Masika, anayeishi Kisangani, alinitumia hii simu kubwa kusudi tuonane uso kwa uso. Tunaonana paji la uso. Jana simu imehesabu hatua zangu, mia nne, halafu imenipongeza. Nani aliiuliza?

Barabara ya Butembo bado imefungwa. Nimekata tikiti za barabara ile miaka ishirini na miwili, katika ajansi ya mabisi pale Murara. Naweza kutaja kila kona yake macho yakiwa yamefumba. Mwenyewe nimeipita mara nne tu.

Kavugho, bibi yangu, mama yake Masika, eko upande wa pili wa barabara hiyo. Wiki ya tatu leo. Alienda kumuzika kaka yake Kambale, na siku nne baadaye vita vikafunga njia. Sasa ili arudi nyumbani kwake hapa Mabanga, lazima atoke Congo, azunguke Uganda, apite Rwanda, ndipo aingie Goma kwa bariyeri ya mpaka. Nchi tatu ili mutu afike kwenye sufuria zake.

Nimechoka kula maharagi niliyopika mwenyewe.


Jumanne, tarehe 14

Sauti ya Kavugho kwenye simu, asubuhi. Sekunde kumi na tisa. "Papa Masika, niko Kasindi, kesho navuka. Usiache makala ya kupikia inje, mvua itanyesha. Na vita vikikaribia usikae pale kama jiwe, uende kwa katekista wa parokia."

Nimeisikiliza mara sita. Nimeingiza makala ndani. Mvua imenyesha kweli.

Hakuuliza hali ya goti langu.


Jumatano, tarehe 15

Amevuka, nafikiri. Simu yake imezimika. Kadi ya simu ya kwetu haifanyi kazi kule. Ni kawaida.


Alhamisi, tarehe 16

Hakuna kitu. Nimepiga mara kumi na moja. Mwanamuke wa kwenye simu ananijibu kwa Kifaransa kizuri sana kwamba muhusika hapatikani. Ana subira huyu mama. Mimi sina.

Leo nimegundua jambo la aibu. Namba ya Kavugho siijui kwa kichwa. Iko kwenye simu, chini ya jina lake, basi. Na yeye yangu haijui. Miaka thelathini na miwili tunalala kitanda kimoja, na simu yake ikipotea hatuna njia ya kuitana. Zamani nilijua namba za mezani za ajansi saba, Butembo mpaka Kisangani. Bado nazijua. Hakuna anayepokea tena.

Barabara ya Sake imejaa watu wanaokimbia kuja huku. Magodoro, kuku, mabidoni ya maji, wazee juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao, kama mifuko ya viazi. Nimemuona mama mumoja amebeba kichwani lile sahani la televisheni. Hakuwa na televisheni. Sahani tu. Nilicheka, halafu nikaona haya. Nyumba ikiungua mutu anachukua alichoshika kwanza.

Basi, niandike na hili, kwa sababu hakuna mutu mwingine atakayesoma. Goti halikuuma.

Siku habari ya Kambale ilipofika, nilifunga goti kwa kitambaa, nikapanda kitandani, nikaanza kugumia. Niliogopa barabara. Nimeandika majina ya wasafiri miaka yote ile, na majina mengine niliyaandika mara ya mwisho. Ndiyo ninaijua ile barabara. Kavugho alisimama mulangoni na muzigo wake. Alitazama kitambaa. Alisema: "Upone." Akaenda peke yake.

Na Kambale hakuwa shemeji wa kusahau. Volkano ilipomwaga moto mujini, yeye alikuja na kamyo ya mbao kutoka Butembo, siku mbili njiani, akatutafuta kati ya watu wote wale. Alitupakia sisi na vitanda vyetu. Hakuuliza barabara ikoje. Mutu kama huyo amekufa, na kiti cha shemeji yake matangani kimebaki wazi. Kwetu watu hawasemi kitu siku ile. Wanakitazama kiti.

Mimi ni mwoga. Nimeandika.


Ijumaa, tarehe 17

Motari wa kona yetu, yule kijana wa teksi ya pikipiki anayejua kila kitu saa moja kabla hakijatokea, amesema bisi imepinduka milimani upande wa Uganda, si mbali na Kisoro. Wakongomani ndani. Hakujua ni wangapi. Hakujua siku. Hakujua rangi ya bisi. Nimemuuliza basi anajua nini. Amesema, "Muzee, mimi nakupa habari tu."

Nimechukua kalamu ya ajansi na kupiga hesabu. Amevuka Jumatano asubuhi. Kasese, alale. Alhamisi Mbarara, Kabale. Jioni milima ya Kisoro. Hesabu inaangukia palepale. Nimeipiga tena. Palepale.

Saa kumi nimeamua. Masika alinifundisha kuweka picha pale kwenye simu ambapo kila mutu mwenye namba yako anaiona. Wanaita statu. Sijawahi kuweka kitu. Watu wanaweka keki, wanajiweka wenyewe kando ya gari la mwingine. Mimi nimeweka Kavugho. Nimechagua ile ya sikukuu ya parokia, na kitambaa cha kichwa cha samawati, anatazama mbele, hacheki. Chini yake nilitaka kuandika: Huyu ni bibi yangu, eko safarini kupitia Uganda, aliyemuona anijulishe. Lakini naandika polepole na kidole kimoja. Nikasema picha itangulie, maneno yafuate.

Picha imeenda. Maneno yamebaki yanazunguka kwenye kiduara. Yamezunguka, yamezunguka. Rezo ya simu, mtandao, imekata. Muji wote. Mpaka sasa.

Angalau sura yake wameiona. Mutu atasema kitu.


Jumamosi, tarehe 18

Kumbe mimi ni mupumbavu kuliko nilivyofikiri.

Saa moja asubuhi, nilikuwa napiga mswaki nyuma ya nyumba, nikasikia kilio kinaingia kwenye parsele, uani kwetu. Kilio cha kweli, cha mikono kichwani. Alikuwa Mama Furaha, jirani yetu, mama aliyetoka Masisi, anayeuza makala. Kartie nzima, mutaa wote, inamujua: akianza yeye kulia, hata mutu aliyekuwa na haraka anasimama. Amejitupa juu yangu na povu langu la mswaki. "Kavugho! Kavugho wetu! Mbona hukutuita usiku?"

Nilidhani ana habari. Nilikaa chini kwenye mawe. Nilimuuliza, "Umeambiwa na nani?" Akalia zaidi: "Si wewe mwenyewe, papa!"

Hapo nilielewa. Picha. Bila maneno. Muzee wa umri wangu, ambaye hajawahi kuweka hata picha ya kuku, ameweka picha ya bibi yake, hacheki, halafu akanyamaza. Katika muji huu hiyo inasomwa namna moja tu. Mimi mwenyewe ningemuona mutu ameweka hivyo, ningetafuta shati jeusi.

Nilisema hajakufa. Nilisema mara nyingi. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyonihurumia. Saa mbili vijana wa shirika letu la parokia wameleta mabenchi sita na turubai. Saa tatu turubai imefungwa kwenye paa langu. Wamama wamewasha makala, sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, sambaza, dagaa za kwetu, zimetoka Kituku ziwani kwenye beseni. Nikisimama katikati ya parsele na kupiga kelele kwamba Kavugho ni mzima, mutu ananishika bega na kunikalisha. "Ndiyo, muzee. Uchungu uko hivyo." Jirani wa nyuma amesema baba yake naye alikataa siku tatu.

Katekista amefika saa tano. Ni mutu wa pole, alikuwa mwalimu. Ndiye peke yake aliyeuliza swali la akili: "Nani amekupa habari ya kifo?" Nimemuambia yote, bisi, hesabu, picha. Amefikiri. Halafu amesimama na kuwatangazia: mama hajafa, mama hajulikani aliko.

Wamama waliangaliana. Mama Furaha alijifuta uso kwa kitenge na kusema, "Sasa, tulie ao tufurahi?" Sombe ilikwisha kuiva. Tumekula.

Kitu kimoja kinanichoma. Masika. Naye ana namba yangu. Naye ameiona picha. Eko Kisangani anamulilia mama yake, na mimi sina rezo ya kumuambia acha.


Jumapili, tarehe 19

Hakuna misa. Milio imeanza saa kumi na moja alfajiri, mizito, upande wa uwanja wa ndege. Halafu karibu zaidi. Watu waliolala hapa matangani walishindwa kutoka. Walijaribu, wakarudi kwenye parsele mbio mbio, kumi na wanne, kwangu, kwa sababu nyumba yangu ina ukuta wa mawe ya volkano na zao ni za mbao.

Tumeingiza mabenchi ndani, tumeyapindua mbele ya madirisha. Katekista amesali Baba Yetu. Kila pigo alianza upya kutoka mwanzo, kama mutoto aliyesahau.

Redio imesema wakaaji wakae kwa utulivu. Mama Furaha ameiuliza redio kwa sauti: "Tukae wapi tena?"


Jumatatu, tarehe 20

Mabati ya jirani wa nyuma yametobolewa. Yeye alikuwa kwangu. Amekuja kumulilia Kavugho, na ndiyo sababu yuko hai. Anasema hivyo kila baada ya saa moja.

Maji yamebaki bidoni mbili.


Jumanne, tarehe 21

Risasi.

Njaa kidogo. Makala tunayo, yale niliyoingiza ndani.

Nimemufikiria Kambale. Angekuja.


Jumatano, tarehe 22

Kimya tangu alfajiri. Kimya kibaya, halafu majogoo, halafu motari mumoja barabarani. Muji umepata wenyewe wapya. Redio inapiga muziki.

Maji hakuna, umeme hakuna. Nimebeba bidoni mbili mpaka Kituku pamoja na muji wote. Goti limefanya kazi vizuri kabisa, kwenda na kurudi. Sitaandika nilichokiona njiani. Nimeona viatu vingi. Nimetazama mbele.

Ziwani nilikuta kitu cha ajabu. Watu wamesimama majini mpaka magotini, wamenyanyua simu hewani, nyuso zote upande wa Gisenyi. Nilidhani ni madhehebu mapya. Kumbe mwenye kadi ya Rwanda anapata rezo ya ng'ambo akisogea majini kidogo. Muuza samaki mumoja alikuwa nayo. Amenikopesha. Namba ya Masika nilikuwa nimeiandika kwenye daftari hili siku aliyonitumia simu, asante Mungu.

Amepokea. Nimesema, "Masika, mama yako hajafa." Nimesimama majini, viatu vimejaa, watu nyuma yangu wanangoja zamu. Halafu amesema, "Papa, nimekwisha kunyoa kichwa."

Nimemueleza. Picha, maneno, kiduara. Amelia, ametukana simu, ametukana vita, mimi hakunitukana, ningependa anitukane. Halafu ameuliza: "Sasa eko wapi?"

Nimesema sijui.

"Basi hujui kama hajafa."

Simu imekatika. Nimerudisha kadi. Nimebeba maji.


Alhamisi, tarehe 23

Watu wamerudi kwao. Wengine wamekuta nyumba, wengine wamekuta mulango umevunjwa. Nimewaambia wabebe na mabenchi na turubai. Kijana wa shirika amekwaruza kichwa na kusema, "Tuyaache kwanza siku mbili, muzee." Hakunitazama.

Nimeelewa. Wanaona ni kazi bure kubeba mabenchi kuyapeleka na kuyarudisha hapa habari ya kifo ikifika.

Nilikasirika vibaya. Nilipiga teke benchi. Nikawafukuza. Kisha nikabaki peke yangu chini ya turubai, mabenchi sita matupu, na nikaona yamepangwa sawasawa. Tangu Jumamosi najitetea mbele ya watu kwamba hajafa, hajafa, sikupata muda wa kujiuliza. Leo nimejiuliza. Siku nane. Mutu haendi siku nane Kasindi mpaka Goma. Nilikata tikiti, najua.

Nimelia. Kwa sauti. Mama Furaha alikuja, akakaa benchi la pili, hakulia, alinishika tu mukono. Nilitaka kumuambia habari ya goti. Sikuweza.

Kama ningekwenda naye, ningekuwa pamoja naye sasa, popote alipo. Hata ndani ya bisi ile. Hilo ndilo linaloniua.


Ijumaa, tarehe 24

Niandike kwa mupango.

Saa nane hivi. Mimi nilikuwa chini ya turubai nachambua maharagi pamoja na Mama Furaha. Katekista alikuja kuuliza hali. Bariyeri ndogo imefunguliwa asubuhi, alisema, watu wanapita kwa miguu. Alikuwa hajamaliza sentensi.

Kavugho alisimama kwenye mulango wa parsele. Mufuko mumoja wa plastiki. Viatu mukononi. Kitambaa cha kichwa kilekile cha samawati, kimejaa vumbi.

Alitazama turubai. Alitazama mabenchi. Akashika nguzo ya mulango. "Nani amekufa?" Na sauti ilikuwa ndogo: "Ni Masika?"

Mama Furaha aliweka sinia chini. "Ni wewe, mama," alisema. "Utusamehe."

Kavugho aliketi kwenye benchi lililo karibu. Tulimueleza watu watatu kwa pamoja. Aligeuza kichwa kwa kila mumoja. Ilipofika kwenye mswaki na povu, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, na Mama Furaha alicheka, na katekista naye, na mimi nilicheka huku machozi yakianguka kwenye maharagi.

Hadithi yake ni fupi. Simu ilimuangukia chooni Kasese, siku ya kwanza. "Iendelee na safari yake," alisema. Namba hakuna hata moja kichwani. Bisi iliyopinduka alisikia habari yake, haikuwa ya kwake, ila ilifunga njia na yeye akangoja Kabale siku mbili. Barabara za Uganda ni laini, alilala, alishtuka akidhani wamekufa kwa sababu hakuna kilichomutikisa. Kisha bariyeri ikafungwa vita vilipoingia mujini, na amelala Gisenyi usiku tano kwenye baraza la kanisa, upande ule wa pili. Alikuwa anasikia mabomu yakianguka kwetu. Alikuwa anahesabu. Mimi nilidhani amekufa Kisoro, kumbe yeye alikuwa kilometa chache kutoka hapa anadhani nimekufa Mabanga.

Alitaka kujua nani alilia. Mama Furaha alitaja mumoja mumoja. Nani alileta sombe. Nani alileta makala. Jirani wa nyuma na mabati yake. Kavugho alitikisa kichwa kwa kila jina, kama anaandika. Kisha hakucheka tena.

Katekista aliona ni wakati wake. Alisimama, akafungua kamba ya kwanza ya turubai. "Sasa haya twaweza kuyarudisha," alisema kwa furaha.

"Na Kambale?" aliuliza Kavugho. Aliniuliza mimi. "Hapa kwetu mulimulilia?"

Wote wawili walinitazama. Hawakujua hata kama tulikuwa na matanga. Sikuwa nimeambia mutu. Mutu mwenye goti bovu hatangazi msiba anaoukimbia.

Kavugho alimuambia katekista: "Papa, acha turubai. Na mabenchi yabaki."

Aliingia ndani kunawa miguu.


Jumapili, tarehe 26

Misa imesaliwa, watu wachache. Mchana wamekuja hapa. Kavugho mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba jana kuwaalika, na wengine walishtuka kumuona, mama mumoja alifunga mulango kwanza. Leo wamejaza mabenchi yote sita. Safari hii walijua wanamulilia nani.

Sombe, maharagi, sambaza. Mawingu, upepo kidogo kutoka ziwani. Redio tumeizima.

Desturi yetu ni kwamba mutu anasimama na kusema jambo moja alilolijua kwa marehemu. Kavugho alisema kaka yake alimubeba mugongoni kwenda shule siku za mvua, na alimutoza karanga. Wengine hawakumujua Kambale, wakasimama vilevile. Jirani wa nyuma alisema hamujui, lakini paa lake limetobolewa na yeye hayumo ndani, kwa hiyo anamushukuru kila mutu wa familia hii, walio hai na waliokufa.

Ikafika kwangu.

Nilisimama. Nilisema habari ya kamyo ya mbao, siku mbili njiani, na vitanda vyetu juu yake. Nilisema hakuuliza barabara ikoje. Hapo ningeweza kukaa. Watu walikuwa wanatikisa vichwa, ilikuwa imetosha. Nilimtazama Kavugho, alikuwa anatazama mikono yake.

Nikasema: "Alipokufa sikwenda kumuzika. Nilisema goti linauma. Halikuuma. Niliogopa njia, nikamuacha dada yake aende peke yake."

Hakuna aliyesema pole. Nilisikia sufuria inachemka. Mama Furaha, aliyenishika mukono Alhamisi, aliangalia pembeni. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua nikae wapi. Kiti changu kilikuwa kule mbele, kiti cha mwenye nyumba.

Sijui kama Kavugho amenisamehe. Hakusema, na mimi sikuuliza. Alisogea kidogo kwenye benchi. Nilikaa. Tukamulilia Kambale.